Kabureta imesingiziwa vya kutosha, fungueni tanki

Mafundi wenzangu, na nyie vijana mliokaa huku mbele na daftari, asanteni kwa kuja. Nimeambiwa niongelee kusafisha tanki na mipira ya mafuta kwenye injini ndogo, yaani jenereta, pampu za maji, mashine za kukata nyasi, misumeno ya mnyororo na vyote vya ukoo huo, na najua kuna watu waliposikia mada wakasema tanki nalo lina somo gani, si unamwaga unaweka mafuta mapya basi. Haya, kaeni tuongee.

Nianze na lawama kabisa. Sisi mafundi tuna tabia, mashine ikiletwa inamisi au haiwaki, mkono unaenda moja kwa moja kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Spana ya 10, nati mbili, kabureta iko mezani, inapigwa upepo, inarudishwa, mashine inawaka, mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Wiki haiishi karudi. Akirudi tunamwambia kabureta imekufa hiyo, nunua mpya, anajikamua ananunua, inafungwa, inafanya kazi siku kadhaa nayo inaziba, hapo sasa tunaanza kusema spea za siku hizi feki. Jamani. Kabureta haitengenezi uchafu, kabureta inapokea tu. Uchafu wote unaoukuta kwenye bakuli la kabureta umetoka juu, umetoka kwenye tanki au kwenye mpira, na kama hujagusa huko juu basi kazi uliyofanya ni ya mtu aliyeoga vizuri halafu akavaa nguo zile zile alizovua.

Ndio maana mi kwenye benchi langu mashine ikiingia na ugonjwa wa mafuta, cha kwanza kufunguliwa ni mfuniko wa tanki, na tunashuka nao hivo hivo, tanki, chujio la ndani, koki, mpira, filta ya kwenye mpira, ndio tunafika kwenye kabureta mwisho. Uchafu unashuka na mafuta, na wewe shuka nao.

Hebu angalieni hii chupa, ipitisheni taratibu mpaka nyuma na mfuniko ubaki umefungwa. Haya mafuta nimeyakinga kutoka kwenye jenereta iliyoletwa juzi, mwenyewe anasema imeshapita kwa mafundi, na kweli kabureta ni mpya bado inang'aa, ila nilipofungua koki nikakinga kwenye chupa ya kioo nikaiacha itulie nusu saa ikawa hivi. Hapo juu ni petroli, imeshakuwa kahawia, petroli nzima haina rangi hiyo. Chini yake mnaona mstari, ule mstari ukiinamisha chupa unalala, chini ya mstari ni maji. Na chini kabisa ule unga mwekundu ni kutu ya tanki lenyewe. Yule mtu kauziwa kabureta mpya, wakati angefunguliwa mfuniko tu na kumulikwa tochi angeona kila kitu. Tochi ya betri lakini, msije mkamulika na kiberiti, nacheka ila nasema kweli.

Sasa hivi vitu vitatu vinatokea wapi. Petroli sio kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi sana, vingine vyepesi vingine vizito, na vile vyepesi ndio vinavyowaka haraka asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukiiacha imekaa, vyepesi vinaruka hewani kwanza, vinabaki vizito, na vinavyobaki vikikutana na hewa muda mrefu vinageuka, vinaanza kuwa na kamasi flani, baadaye gundi, mwisho unakuta utando mgumu wa kahawia umeshika ukuta wa tanki na umeshika jeti, yaani katundu ka kabureta kanakopitisha mafuta. Harufu yake ukishaijua huisahau, inanuka vanishi, ile makali ya petroli mpya haipo. Muda gani? Ikiwa imefungwa vizuri sehemu ya ubaridi miezi mitatu mpaka sita inaweza kuvumilia, ikiwa kwenye tanki nusu, mfuniko umelegea, juani, ni mapema zaidi ya hapo. Kwahiyo mteja akikwambia haijawashwa tangu mwaka jana, huhitaji hata kuuliza swali la pili.

Maji yanaingia kwa njia nyingi, mvua kwenye mfuniko mbovu, dumu chafu, lakini njia ambayo watu hawaamini ni hewa. Tanki likiwa nusu, ile nusu nyingine ni hewa, na hewa ina unyevu, usiku bati linapoa unyevu unatoa jasho ndani, matone yanateremka. Petroli lita moja ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, maji lita moja kilo nzima, kwahiyo maji lazima yakae chini, na chini ndio ilipo koki. Kutu nayo inaanzia hapo hapo na pia kule juu kwenye dari la tanki ambako mafuta hayafiki, ndio maana ukimulika umulike na juu pia, wengi wanaangalia sakafu ya tanki tu.

Halafu kuna hii petroli yenye ethanoli, ile iliyochanganywa na pombe. Nchi nyingi siku hizi inauzwa asilimia 10. Ethanoli inavuta maji, inayabeba ndani yake bila wewe kuyaona, mpaka maji yakifika kama nusu asilimia inashindwa, inaachia yote kwa mpigo, maji na pombe vinazama pamoja. Piga hesabu, nusu asilimia ya tanki la lita 4 ni mililita 20, vijiko vinne vya chai! Maji kidogo hivyo yanaharibu tanki zima. Na hapo usijidanganye ukatikisa ukaona yamechanganyika ukadhani yamepona, yatajitenga tena, na ile tabaka ya chini inakula bati, inakula aluminiamu ya kabureta, na petroli iliyobaki juu imeshapoteza nguvu maana pombe iliyokuwa inaisaidia imeondoka. Mafuta ya hivo ni ya kutoa tu.

Sasa dalili. Hapa nitakaa kidogo maana fundi anayejua dalili hafungui fungui ovyo.

Mashine inawaka vizuri, inapiga kazi dakika kumi na tano hivi, inazima. Ukisubiri kidogo inawaka tena, inarudia yale yale. Kabla hujashika spana legeza mfuniko wa tanki uiwashe. Ikiendelea bila kuzima, tatizo ni tundu la hewa la mfuniko. Mfuniko una katundu kadogo ka kupitishia hewa, mafuta yakishuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, katundu kakiziba na vumbi au gundi tanki linajivuta lenyewe ndani mpaka mafuta yanagoma kushuka. Watu wameshanunua kabureta, plagi na koili kwa ajili ya katundu hako. Kusafisha kwake ni maji ya sabuni, upepo, basi.

Mashine inawaka na choki tu, kile kibati cha kubana hewa ya kabureta, ukifungua choki inakufa, au inapanda inashuka, inapanda inashuka yenyewe bila kuguswa. Hiyo inakunywa hewa nyingi mafuta kidogo, mafuta yanabanwa mahali, inaweza kuwa jeti, inaweza kuwa filta, inaweza kuwa mpira umefunga ndani. Matundu ya jeti ni madogo, jeti kubwa kwenye hizi injini mara nyingi haifiki milimita 1, ile ya mwendo wa chini inaweza isifike hata nusu milimita, sasa fikiria chembe ya kutu inayoonekana kwa macho inapita wapi hapo. Na tafadhali, msitoboe jeti na waya wa chuma. Shaba ni laini, ukiipanua umeishaharibu kipimo, mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi na hutajua kwanini. Loweka, piga upepo, ikishindikana uzi mmoja wa nailoni.

Kabureta inavuja mafuta yanamwagika nje. Hii watu wanabadilisha boya na sindano, zile zinazofunga mafuta bakuli likijaa. Mara nyingi ni chembe moja ya kutu imekaa kwenye kikalio cha sindano, haifungi. Na hapo usiishie kuona mafuta nje tu, chomoa stiki ya oili uinuse, maana petroli ikipitiliza inaweza kuingia silinda ikateremka mpaka kwenye oili, ukikuta kipimo kimepanda na kinanuka petroli mwaga oili yote usiwashe hata mara moja, oili iliyochanganyika na petroli haishiki chuma.

Kipimo changu kikubwa lakini ni hiki, na hakihitaji kifaa. Injini ikiwa ya baridi, chomoa mpira pale unapoingia kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, fungua koki. Kwenye mashine ambayo tanki liko juu mafuta yanashuka yenyewe, mkondo unatakiwa uwe mmoja, unaoendelea, na uendelee hivo mpaka chupa ijae. Ukianza vizuri halafu ukanyong'onyea, legeza mfuniko, ukirudi nguvu unajua ni hewa. Usiporudi, chomoa mpira kwenye koki yenyewe. Ukitoka vizuri hapo basi mpira au filta ndio mkosaji, usipotoka ni koki au chujio la ndani. Dakika tano umeshajua ugonjwa uko chumba gani.

Kabla hatujaanza kumwaga mafuta tuongee usalama, na hapa sitaki utani. Petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwahiyo mambo ya leo hakuna jua futa kichwani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara 3 mpaka 4, haupandi ukapotea, unatambaa sakafuni mpaka unakuta jiko la mtu, au grinda, au mtu anachomelea chumba cha pili. Fanyia nje, injini imepoa, waya wa plagi umechomolewa, mtungi wa kuzimia moto karibu. Usinyonye mafuta na mdomo, najua mmekua mkiona watu wazima wanafanya, ila tone likikosea njia likaingia kwenye mapafu ni hospitali, na aliyemeza asilazimishwe kutapika maana hapo ndio unayapeleka mapafuni kabisa. Tumia pampu ya mkono, zipo. Na mashine ya kunyonya vumbi isikaribie, mota yake inatoa cheche. Dumu unalomiminia likae chini ardhini, usilishike hewani wala kuliweka juu ya plastiki, plastiki inatunza umeme wa msuguano, na ukiweza vaa glavu, petroli ina benzini ndani na benzini inasababisha saratani, mikono yetu haijui kwamba tumezoea.

Haya, tanki. Kwanza ujue ni la nini. Hizi za plastiki kazi yake ni ndogo, mwaga, suuza na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, halafu acha likauke kweli kweli, siku nzima mfuniko wazi. Usiweke thina wala asetoni, nyingine zinalainika zinapinda hata mfuniko haufungi tena. Usiweke maji ya kuchemka. Basi.

Tanki la bati ndio lenye kazi. Toa koki, toa chujio, toa geji kama ipo, ziba matundu na boliti na mpira. Hatua ambayo wengi wanairuka ni kuosha kwanza. Wanaona kutu wanamimina asidi hapo hapo, wakati juu ya kutu kuna utando wa gundi na mafuta, asidi haipenyi, inakaa juu inaangalia tu. Maji ya moto na sabuni, mengi, mpaka harufu ya petroli iishe. Gundi ikiwa imeshikilia weka dawa ya kusafishia kabureta au asetoni kidogo, hapo kwenye bati inaruhusiwa, zungusha, acha kidogo, mwaga, osha tena na sabuni.

Baada ya hapo ndio kutu. Watu wanaweka mawe, wanaweka misumari, wanaweka nati, na mimi sigombani nao, ila ukiweka nati hesabu, uandike, maana ile moja inayobaki kwenye kona utaisikia inacheza mteja akishafika nyumbani. Mi napenda kipande cha mnyororo, unakiingiza chote unabaki na ncha umeifunga waya, unatikisa, ukimaliza unavuta kinatoka kizima. Hiki hapa, ni cha baiskeli ya zamani. Inang'oa magamba makubwa.

Kilichobaki ni cha dawa. Siki nyeupe ya kawaida ya asilimia 5 inatosha, jaza tanki mpaka juu kabisa, ukijaza nusu utapata tanki safi nusu, acha usiku kucha, kutu ikiwa nzito siku nzima. Asidi ya sitriki ya unga ndio naipenda zaidi, gramu 50 mpaka 100 kwa lita ya maji ya moto, masaa machache unaanza kuona bati la kijivu. Usitumie maji ya betri wala ile asidi kali ya kusafishia vyoo. Itatoa kutu, ndio, na itaendelea kula bati lenyewe, hizi tanki ni nyembamba na mishono yake ndio inaanza kutoboka. Na yale matone yanayochuruzika nje yafute mapema, rangi ya nje mteja anaiona kuliko ndani.

Kuna wanaotumia umeme, maji na soda ya kufulia na chaja ya betri. Inafanya kazi, nakubali, ila inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwahiyo nje kwenye hewa tu, na kile chuma cha kuning'iniza katikati kiwe chuma cha kawaida, kisiwe chuma kisichoshika kutu, hicho kinatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Kijana mdogo asiyesimamiwa simshauri. Na tanki la aluminiamu msije mkaweka kostiki soda, inalila huku inachemka.

Ukimwaga asidi, sasa kimbia. Suuza na maji, kisha maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, suuza tena, na ukaushe hapo hapo, bati likiwa uchi na maji juu yake linarudi rangi ya chungwa ndani ya dakika chache mbele ya macho yako, watu wanakata tamaa wanadhani dawa haikufanya kazi. Nachofanya, baada ya suuza ya mwisho namimina spiriti kidogo nazungusha, spiriti inabeba maji, namwaga, naacha wazi upepo umalizie, mashine ya kukaushia nywele usiiwashe mpaka uwe na uhakika hakuna mvuke wa petroli wala spiriti. Halafu petroli kidogo iliyochanganywa na oili nazungusha ishike kuta zote, dari pia. Ile filamu ya oili ndio inalinda mpaka siku ya kujaza.

Kuhusu zile rangi za kupaka ndani ya tanki, mtanisamehe wauzaji, sizipendi. Ukiandaa vibaya kidogo tu zinabanduka magamba, na gamba la plastiki kwenye koki ni baya kuliko kutu. Tanki lililotoboka kwa kutu libadilishwe.

Hapa nimeulizwa swali zuri na mama pale nyuma, kwamba vipi kuchomelea. Mama, tanki linaloitwa tupu ndio hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, tanki likijaa mafuta ndani hakuna hewa ya kutosha, tanki tupu lina hewa tele na matone machache yaliyojificha kwenye mshono yanatosha kulifikisha kwenye kipimo hicho. Na kuosha mara moja na sabuni hakuondoi yaliyo kwenye mshono, moto wa kuchomelea ndio unayatoa. Kuna watu wenye vifaa vyao wanajaza gesi isiyowaka ndani kwanza, waachieni wao. Sisi tanki jipya.

Koki na chujio sitakaa sana. Ile bakuli ndogo chini ya koki fungua, humo ndio maji yanajificha, safisha wavu kwa brashi laini, badilisha oringi, ile pete ya mpira. Kinachoniudhi ni fundi anayekuta chujio limeziba akalitoa akalitupa, eti mafuta yapite vizuri. Yanapita kweli, na uchafu wote nao.

Mipira sasa. Kuna watu wanasafisha mipira ya mafuta kwa upepo, wanapuliza, hewa inapita, wanarudisha. Huu hapa nimeupasua kwa urefu na wembe, sogeeni muone. Nje uko mzima, laini, mweusi. Ndani ngozi imebanduka, hiki kipande kimelala kwa upande mmoja, ukipuliza kutoka huku kinalala hewa inapita, mafuta yakija kutoka upande wa pili kinainuka kinafunga mlango. Huwezi kuusafisha huo. Mpira wa mafuta ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine, ukigumuka, ukipasuka kwenye ncha, ukivimba, ukilainika mpaka unabaki na weusi kwenye vidole, badilisha.

Na ubadilishe na mpira wa mafuta. Ule wa plastiki wa maji unaona ndani, mzuri kwa macho, petroli inaugeuza njano na mgumu, unachomoka wenyewe juu ya injini ya moto. Kipenyo kiwe sawa na cha zamani, nyingi ni robo inchi lakini pima usikisie, ukiwa mkubwa klipu haiwezi kukuokoa. Usiupitishe karibu na egzosti, mafuta yatachemka ndani yake yatoe mapovu, na usiuache ukapanda mgongo halafu ukashuka, hewa inakaa pale juu ya mgongo. Filta ina mshale, mshale unaelekea kabureta. Na kwenye mashine ya kushusha mafuta kwa uzito wake weka filta ya wavu iliyokusudiwa hivo, zile za karatasi nzito za gari lenye pampu zinabana mno, unafunga filta mpya na mashine inaanza kuzima, unabaki unashangaa.

Misumeno na zile za kukata nyasi za begani ni habari nyingine kidogo, maana hizi tanki liko chini na kabureta inavuta yenyewe, mpira uko ndani ya tanki na ncha yake ina filta yenye kauzito, inafuata mafuta ukiigeuza mashine. Chomoa na waya uliopinda, filta ikiwa ngumu au nyeusi tupa. Pale mpira unapopita kwenye tundu la tanki ndio unapasuka, usipouvuta huoni, na hapo inavuta hewa badala ya mafuta. Kwenye injini ya stroku mbili hilo ni kosa la kuua, kwasababu oili ya kulainisha pistoni inakuja ndani ya petroli hiyo hiyo, mafuta yakipungua oili imepungua, joto limepanda, pistoni inashika. Mteja anasema ilikuwa inakimbia vizuri kuliko siku zote halafu ikagoma. Ndio, ilikuwa inakimbia kwasababu inakufa. Mpira mpya kata ncha mshazari, paka oili kidogo, ingiza ile ncha uivute na plaizi kutoka upande wa pili. Kama kuna kile kibonge cha kubonyeza kuna mipira miwili, ule wenye filta unaenda kwenye kabureta, ule wa kibonge unarudisha tanki. Ukiipishanisha utabonyeza mpaka kidole kiume na mafuta hayaji. Na upepo wa kompresa usiupige ndani ya kabureta hizi ikiwa haijafunguliwa, kuna ngozi nyembamba ndani zinachanika.

Wenye dizeli nimewasikia, nitawajibu kwa kifupi. Dizeli maji ni adui zaidi, kuna vijidudu vinaota pale maji na dizeli vinapokutana, vinatengeneza tope jeusi lenye utelezi, ukiona hilo osha tanki lote usibadilishe filta peke yake. Na ukishafungua laini lazima utoe hewa kwenye skrubu ya kutolea hewa mpaka mapovu yaishe, bila hivo utavuta kamba mpaka jioni.

Mafuta mabovu tuliyotoa usiyamwage mtaroni wala nyuma ya karakana, yanaenda kwenye maji ya watu. Dumu la chuma lenye mfuniko, uandike juu, ukusanye upeleke wanapopokea oili chafu. Na usimrudishie mteja eti aendelee kuyatumia polepole.

Mkishafunga kila kitu msijaze tanki. Weka lita moja ya petroli mpya, washa, ipe mzigo, iache nusu saa. Zima, ipoe, funga koki, fungua ile boliti ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa ya kioo, itulie, angalia juani. Ikiwa safi haina chembe wala mstari jaza umpe mtu mashine yake, na umwambie akienda kuihifadhi muda mrefu afunge koki aiache iishe mafuta yenyewe mpaka izime, tanki ama ajaze mpaka juu ama alikaushe kabisa, nusu nusu asiache. Ukiona chembe hata chache rudi juu, kuna kona hujaifikia.

Haya, tuna matanki matatu hapa mezani, moja la plastiki mawili ya bati, hili la mwisho limelowekwa tangu jana asubuhi. Wawili wenye glavu waje tulimwage, na mwingine alete ndoo ya maji ya magadi karibu kabisa.